Pua Mbili

Dukani Ruwi, nyuma ya wauza mabomba,
Sajeev ananipangia visanduku juu ya kioo kama apangaye karata.
Hiki rahisi, anasema, riali tatu, kina taa ya buluu.
Nakigeuza. Mgongoni hakuna tarehe.
Kihisi huzeeka hata kikikaa ndani ya nailoni;
chombo kisichosema kilizaliwa lini
hakitakuambia kimekufa lini.

Nakirudisha.

Nataka pua mbili, Sajeev.
Moja ya gesi ya mtungi, ile nzito,
itambaayo sakafuni kama maji yaliyomwagika usiku,
ikalala chini ya kabati la sinki kungoja kiberiti.
Hiyo angalau wameitia uvundo, inajua kupiga hodi.
Ya pili ni ya yule asiyepiga hodi:
hana rangi, hana harufu, hachomi jicho,
huingia kwenye damu akakalia kiti cha hewa
na mwenye kiti asijue kuwa amesimamishwa.

Na nambari zianze na moja.
Ving'ora vya ukutani husubiri sabini,
tena husubiri saa nzima, ndipo vipige kelele.
Mimi si mlinzi, ni mkaguzi;
nataka kusikia mnong'ono.

Riali arobaini na tano. Sajeev anapunguza mbili,
ananitilia betri bure.

*

Mabela, Ijumaa, baada ya chakula.
Bi Ghaniya binti Nasor ananifungulia kwa Kiswahili cha Wete
ambacho miaka hamsini ya Maskati haijakikwaruza.
"Mkaguzi ndiye wewe? Mwembamba hivyo?"

Jikoni napiga magoti. Pua ya kwanza naishusha
nyuma ya jiko, penye kibano cha mpira.
Kimya. Napaka povu la sabuni kwenye valvu: hata kiputo kimoja.
"Nilikwambia," anasema, "pua yangu yatosha.
Imenusa karafuu mbichi na kavu, itashindwa na gesi?"

Sebuleni madirisha yamefungwa, kiyoyozi kinavuma,
chetezo kati ya zulia, makaa mekundu, udi juu yake.
Wageni watafika saa kumi.
Pua ya pili inaning'inia kifuani pangu.

Tisa.
Labda ni gari lililokuwa likiunguruma nje.
Ishirini na mbili.
Arobaini na moja.
King'ora cha ukutani, alichonunua mwanawe,
kinawaka kijani, kinasinzia.
"Mashine yako ina husuda na udi wangu."
Hamsini na nane.

Nani hukaa humu, bibi?
"Sisi tu. Na Muhanna, mjukuu, yule wa kichwa."
Kichwa gani?
"Kichwa! Kila Ijumaa jioni kinamgonga.
Daktari wa macho kampa miwani,
mwalimu kamsomea.
Jumamosi mzima, utadhani si..."

Hakumaliza.
Alikitazama chetezo kama mtu aliyemkuta
jamaa yake mwenyewe na mkono ndani ya kabati.

Sikumwambia habari za Sayq, Januari ile,
walinzi wawili wa shamba la makomamanga,
seredani ndani, na kanzu iliyokunjwa vizuri
chini ya mlango, kuzuia baridi.
Nilifungua dirisha. Likakwama, nikalisukuma kwa bega.

Udi ukahamia uani. Wageni walipofika
wakafukizwa wamesimama, karibu na tangi la maji,
wakadhani ni mtindo mpya.

*

Wiki ya tatu, saa nane usiku, simu.
"Kile chako kipya kinalia. Kwi, halafu kimya. Kwi."
Mara moja moja?
"Kama kifaranga."
Ni betri, bibi. Betri tu.
"Ah." Nasikia upepo kwenye simu, na mtoto akipiga mwayo.
"Nami nimefungua madirisha yote.
Tuko nje na mablanketi, nyumba nzima,
Muhanna kavaa na miwani."

Nikatafuta viatu gizani.
Vizuri, nikasema. Kaeni hapo hapo mpaka nije.